Futi Mbili za Verna Quimby

Verna Quimby aliichora nyumba yake mara thelathini na moja kabla ya kusimamisha nguzo hata moja. Na si kwamba lilikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya mbao ya futi kumi na sita kwa ishirini na nne: chumba kimoja, jiko la kuni katikati, kitanda juu darini, paneli za sola juu ya paa na pipa la maji ya mvua nyuma. Wengine huku jimboni Vermont hufuga kuku katika banda kubwa kuliko nyumba hiyo.

Miaka ishirini na sita alikuwa amechora majengo ya watu wengine katika ofisi ya wasanifu mjini. Alipostaafu, yeye na mumewe Royce walinunua kipande cha msitu mlimani, maili mbili juu ya mahali nguzo za umeme zinapokomea, wakahamia kwenye karavani kuukuu. Verna aliapa kuwa ni kwa msimu mmoja tu. Sasa walikuwa katika mwaka wa sita, karavani imeota ukungu pembe zote, na Royce anakohoa kutwa kucha.

Tatizo la Verna lilikuwa kutotulia. Akiinama kufunga kamba za viatu, wazo linamjia. Kamba anaziacha hivyohivyo, anakimbilia penseli. Ngazi imehamishwa mara nne. Mlango umezunguka nyumba nzima. Lakini dirisha la kusini ndilo lililomkosesha raha kabisa. Kila Desemba alibeba kiti hadi kwenye kiwanja, akaketi juu ya theluji amejifunga mablanketi, akipigilia vijiti ardhini kuweka alama za mwendo wa jua, ambalo msimu huo huchungulia juu ya kilima saa tano na saa nane limeshaaga. Watu walipita barabarani wakampungia mkono. Walishamzoea.

Agosti ile Royce alikata kauli. Alikuwa mtu mpole, dereva mstaafu wa greda la kusukuma theluji barabarani, na wapole wakikata kauli huwa wameshapima.

"Theluji ikinikuta ndani ya kopo hili, mama, mimi naenda kwa dada Lettie, kule mjini Burlington. Ana fleti yenye joto. Na nikienda, usinitengee sahani."

"Royce! Fremu tutaiinua Oktoba."

"Oktoba ya mwaka gani?"

Usiku huo Verna alilia, kwa sababu alimjua: angeenda kweli.

Basi wakaanza kuchonga. Fremu ya kwetu, yaani mifupa ya mbao ya nyumba, haipigwi misumari. Kila boriti huchongwa matundu, kila nguzo hutolewa ulimi wa kuingia tunduni, kisha vigingi vya mwaloni hufunga. Walifanya kazi pande mbili za uwanja, yeye boriti za chini na nguzo, Royce boriti za juu. Na katikati ya kazi, wiki ya pili ya Septemba, Verna akalisogeza dirisha futi mbili upande wa mashariki, na nguzo ya katikati pamoja nalo. Mchoro wa thelathini na moja. Kwa pupa yake ya kuwahi kuchonga, hakumwambia mtu.

Jumamosi ya kuinua fremu, majirani kumi na wanane walifika na maharage ya kuokwa, donati na maji ya tufaha yaliyopashwa moto. Aliyesimamia alikuwa Thurlow Beede, fundi wa mabanda, miaka themanini na moja na mdomo mkali kuliko patasi zake. Ukuta wa kusini uliunganishwa ukiwa umelala sakafuni: boriti ya juu na nguzo zake tatu, tayari kuinuliwa ili miguu itumbukie kwenye matundu ya boriti ya chini. Mguu wa pembe hii ulielekea tundu lake. Wa pembe ile vilevile. Wa katikati ulitazama mbao tupu. Tundu lake lilikuwa kando, futi mbili kamili.

Thurlow akavua kofia. "Haya. Nani kalewa?"

"Royce," Verna alisema, "ulichonga kwa mchoro upi?"

"Ule wa kwanza. Uko ukutani juu ya kitanda miaka sita." Royce akakohoa. "Ule ndio nyumba niliyokubali kuhamia. Hiyo mingine sikuomba."

Watu wakajifanya wanatafuta glavu zao.

"Tuahirishe," Verna alisema harakaharaka. "Nitaagiza boriti nyingine ya juu, wiki tatu..."

"Wiki tatu kuna theluji, bibie," Thurlow akamkatiza. "Na hii ya juu ukiitoboa tundu jingine itakuwa chujio. Lakini ya chini imelala juu ya mawe, itoboe utakavyo. Kazi ya saa moja tu, nguzo inasimama alipoiweka mzee wako. Au twende zetu tukale donati nyumbani."

Verna alitazama mlima, akatazama vijiti vyake vya Desemba vilivyooza nyasini. Hawakujua. Hakuna aliyejua kwamba futi mbili zile zilikuwa za Royce, ili jua limwangukie kifuani akiwa kitini pake kando ya jiko. Alitamani kusema. Kisha akamwona mumewe anatazama barabara ya kwenda Burlington, wala si nguzo.

"Leteni patasi," akasema.

Alitoboa mwenyewe, magoti sakafuni, dakika hamsini, akinung'unika matusi ya ofisini. Saa kumi fremu ilikuwa wima, na Royce akapanda ngazi kupigilia tawi la msonobari kileleni, kama ifanyikavyo kila fremu ikisimama, watu wakashangilia.

Theluji ya kwanza iliwakuta ndani ya nyumba yao mpya. Desemba ishirini na moja, saa tano na nusu, jua likaingia dirishani, likaanguka juu ya rundo la kuni. Kiti cha Royce kilibaki kivulini, futi mbili pembeni.

Verna akasimama. "Nilijua! Angalia, Royce, angalia linapoanguka! Lilikuwa lako hilo jua, nilikuchorea wewe!" Mkono ulishafika kwenye kopo la penseli.

Royce akainuka, akazisukuma kuni kwa mguu, akakiburuta kiti chake futi mbili, akaketi juani na kufumba macho.

"Limefika," akasema. "Sasa lete na chako."