Nilivyopakia Watu Watatu Ndani ya Wimbo Mmoja

Mimi niliimba muziki wa kantri kwa Kiswahili hapa Durban, na kama hujawahi kunisikia usijilaumu. Kaseti zangu ni mbili tu, na wimbo wangu wa kwanza ulichezwa redioni mara moja, Jumamosi mchana, tena haukufika mwisho.

Watu huuliza mtu wa Katanga aliipata wapi kantri. Aliipata relini. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na wenzake walioteremka na treni za shaba mpaka kusini walirudi na santuri zenye picha za wanaume waliovaa kofia pana na kushika magitaa. Kiingereza hatukujua hata neno, tuliimba sauti tu. Kuna namna waimbaji wale wanavyoivunja sauti kooni, ikaruka kutoka kifuani mpaka utosini na kurudi, kama mtu anayeteleza kwenye ngazi huku anafurahia. Hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Kusoma kwenyewe nilisoma miaka mitatu. Wa nne mwalimu wetu akaacha kazi akaenda kuuza samaki wakavu, nami sikuona sababu ya kubaki darasani bila yeye. Alikuwa mtu mzuri. Samaki wake walikuwa na mchanga.

Durban nilifika nikiwa na mvi tayari, na kazi niliyopata ni kulinda magari Bluff, pale wazungu wanapoegesha Jumapili wakienda kuvua kwa ndoano. Ukisimama kutwa nzima bila kuimba utaanza kuongea na magari. Basi niliimba. Siku moja, mwaka ule baada ya nchi yetu kurudishiwa jina lake la zamani, mzungu mmoja mzee akarudi na ndoo tupu, akasimama kando ya pikapu yake akinisikiliza navunja sauti. Ujanani alifanya kazi migodini, na mimi kwetu nilipita migodini kidogo, kwa hiyo tukaelewana kwa ile lugha ya mgodini, ambayo ni ya kuamrishana tu: leta, shika, ngoja, angalia jiwe. Kwa amri hizo hizo akanialika kwake Queensburgh.

Gereji yake haikuwa na gari. Ilikuwa na mashine ya kurekodi, mikrofoni tatu na mablanketi yaliyopigiliwa misumari ukutani. Humo alirekodi kwaya za kanisa. Akaniambia ana rafiki redioni mwenye kipindi cha kantri, na kwamba nikimpa wimbo mmoja safi wa dakika tatu, rafiki yake ataucheza. Safi, alirudia. Nikadhani anazungumzia matusi.

Sasa nielewe. Nilikuwa na nyimbo kama thelathini, zote kichwani, kwa sababu mwandiko wangu naujua mwenyewe, na siku nyingine hata mwenyewe siujui. Nikifa, zinazikwa nami. Nilitaka walau mmoja usikike na watu nisiowajua kabla sijaondoka. Sikutaka kingine.

Gitaa sikuwa nalo. Mchungaji mmoja Mrundi wa Sydenham akaniazima la kanisa. Mama mwenye saluni niliyekuwa jirani yake akaninunulia nyuzi mpya. Na fundi cherehani, mtu wa kwetu, akanishonea shati la koboi lenye matamvua mikononi. Nikamwambia kaseti haionyeshi shati. Akasema mtu aliyevaa vizuri anatoa sauti nyingine, na katika hilo hakukosea.

Kwetu msaada kama huo una utaratibu wake, tunauita libanga. Aliyekusaidia unamtupia jina lake ndani ya wimbo. Magitaa yakipata nafasi ya kucheza yenyewe, wewe unaita: fulani wa mtaa fulani, mwenye moyo, mwenye viatu vizuri. Hakuna anayekuambia ufanye. Usipofanya, utakula peke yako mpaka uzee, na mimi uzee ulikuwa mlangoni.

Siku ya kurekodi walikuja wote watatu wakaketi kwenye benchi nje ya gereji, mlango umefungwa. Wimbo wenyewe ulikuwa wa huzuni, wa mume anayemwacha mkewe stesheni. Baada ya ubeti wa pili gitaa likapata nafasi, nami nikaita kwa nguvu zangu zote: jina la mama wa saluni na mtaa wake, jina la mchungaji na kanisa lake, jina la fundi na cherehani yake.

Mzee akasimamisha mashine. Akaenda kufungua mlango aone ninamwita nani. Wale watatu walikuwa wameshasimama, meno yote nje. Akawaambia kama wanaitwa basi waingie.

Tukaanza upya, nikaita tena, akasimamisha tena. "Wewe imba," akasema kwa lugha yetu ya mgodini. "Hapana ita watu." Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akanijibu kwamba rafiki yake wa redio atadhani watu wamepigana studio, na kaseti ataitupa.

Nikawageukia wenzangu na kuwatafsiria. Mama wa saluni akakunja mikono.

"Papa, ile nyuzi iko na jina yangu. Kama unatosha jina, tosha na nyuzi." Alivyosema yeye, kutosha ni kutoa.

Mchungaji akasema yeye binafsi hahitaji kutajwa, litajwe kanisa tu. Fundi alikuwa anayatazama matamvua yangu tu, na hilo liliuma zaidi.

Mzee akaleta chai na biskuti. Nikachukua kikombe nikakaa kwenye ngazi ya jikoni kwake, nikawaza zile santuri za baba. Ukubwani nilikuja kuelezwa maana ya maneno yake, nikashangaa: kumbe zilijaa majina. Fulani alifanya hivi, fulani alimpenda yule. Ila katika kantri jina halipigiwi kelele. Linatembea ndani ya kisa na miguu yake.

Basi nikatunga treni. Mama wa saluni nikampa kuiendesha. Mchungaji nikampa kukagua tiketi. Fundi nikamweka ubeti wa mwisho, anafunga milango ya behewa la nyuma. Mimi nimejificha chini ya kiti bila tiketi. Ilichukua muda wa birika mbili. Nilipowasomea kutoka kichwani, mama akasema afadhali anaendesha yeye, maana wanaume wangeitoa relini. Mchungaji akauliza kama mkagua tiketi anaweza kumkagua na dereva. Wakabishana kidogo. Fundi akauliza kwa nini nyuma. Nikamwambia wa nyuma ndiye anayeiona safari yote. "Eish," akasema, akakubali.

Nikaimba mara moja tu, ikatoka. Pale nilipovunja sauti badala ya honi, mzee alivua miwani akaifuta. Neno alilolielewa ni treni peke yake. Mwishoni akaninyanyulia vidole vinne: dakika nne. Akainua mabega, akacheka.

Jumamosi iliyofuata tulijazana saluni, mashine za kukausha nywele zimezimwa, wateja wamekaa na vichwa vibichi. Wimbo ukaja. Jina la mama likapita, akajipiga paja. Likapita la mchungaji. Kisha mtangazaji, ambaye dakika zake zilikuwa zimekwisha, akaanza kunisifu wimbo wangu mwenyewe ungali unaendelea, akaingia habari za upepo wa baharini, na ubeti wa mwisho ukaenda na upepo huo. Fundi alisikiliza mpaka habari za upepo zikaisha. Akachukua koti lake, akatoka.

Jumatatu nikamfuata kibandani kwake.

"Ndugu yangu," akasema bila kuinua kichwa, "treni yote imefika. Behewa yangu tu ndiyo ilibakia Pinetown."

Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia wimbo ujao ni wake tangu neno la kwanza. Akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Wa pili uliharibika njiani tulipokuwa tunakimbia kuja huku. Kisha akauliza ndani ya wimbo huo atafanya nini.

"Wewe unataka kufanya nini?"

Akasimamisha mashine. Akafikiri sana, mpaka mteja akaingia, akaweka suruali, akaondoka.

"Farasi," akasema. "Niko juu ya farasi."

Nikamtunga anashuka kutoka Sydenham mpaka Bluff juu ya farasi, tepu ya kupimia shingoni, robot, zile taa za barabarani, zote zinamgeukia kijani, wanawake wanamwita madirishani akawapime. Dakika mbili na nusu, nilijifunza. Redio haikuucheza, kile kipindi kilikuwa kimefutwa. Lakini ulinakiliwa kaseti kwa kaseti, saluni kwa saluni, mpaka watu nisiowajua wakawa wanauimba wakivuka barabara mbele yangu, nimesimama nalinda magari.

Fundi anaupiga kibandani kwake kila asubuhi. Wateja anawaambia tuliutunga wawili, na mimi sibishi. Siku hizi ananilaumu tu kwamba sikusema farasi alikuwa mweupe.