Samahani Iliyotangulia Kosa

Mdogo wangu, watakuambia sijafikia umri wa kutoa nasaha. Waache waseme. Asubuhi ile mtaani Kikuyu, hapa Dodoma, haijanitoka, na nisipokusimulia mimi watakusimulia wao kwa namna yao.

Ilikuwa miaka ile kampuni binafsi zilipoanza kuchipuka mjini. Yetu ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga, na tulikuwa tumekitengenezea chuo kimoja tovuti ya kupokea maombi ya wanafunzi. Siku hiyo wakuu wa chuo walikuwa wanakuja kuiona. Mfumo wake ukakataa kuwaka.

"Nani kaugusa?" aliuliza Bwana Masima, mwenye kampuni.

"Mimi, bosi," alijibu Neema. Alikuwa bado kwenye mkataba wa majaribio, na jana yake alikuwa ameongeza kipande cha kuwatumia waombaji barua pepe.

"Omba msamaha yaishe," Joseph, mwenzetu, alimnong'oneza.

"Samahani, bosi."

Nikapandwa na hasira. "Samahani ya nini? Kosa lenyewe hakuna aliyelisoma!"

"Wewe msomi, kaa chini," bosi alinikatiza. "Hapa si chuoni, hakuna mdahalo."

Sikukaa. Mfumo wetu ulikuwa hivi: kipande cha programu hakijitengenezei vitu kinavyovihitaji. Mfumo ukiwashwa, wenyewe huvitafuta na kukikabidhi, kama karani mpya anavyokabidhiwa funguo na mhuri. Kimoja kisipopatikana, kila kitu kinagoma. Wenzangu walikuwa wamesoma mstari wa juu tu wa maelezo ya kosa, wakazima, wakawasha, wakazima tena, utadhani mashine huwa inajuta. Nikashuka hadi chini kabisa. Paliandikwa wazi: kipande cha barua pepe kinahitajika, hakijapatikana.

"Si hiki hapa?" Neema alinionyesha. "Jana kilifanya kazi."

"Kitengenezeni kwa mkono humo humo ndani, tuwahi wageni," alisema Joseph.

"Mfumo utawaka, ndiyo," nilimjibu. "Ila kipande kitakuwa mikono mitupu, bila anwani wala nywila. Mwombaji wa kwanza tu, tumeumbuka."

Basi tukajiuliza: mfumo unakitafuta wapi? Mipangilio ilikuwa inauelekeza kwenye folda ya zamani. Folda ilikuwa imehamishwa asubuhi ile ile, ili mambo yaonekane nadhifu mbele ya wageni. Aliyeihamisha ni Bwana Masima mwenyewe. Neema akarekebisha mstari mmoja, mfumo ukawaka.

"Haya, yameisha," alisema bosi, akatoka kupokea wageni.

Hayakuisha. Mkataba wa Neema ulipofika mwisho, hakuongezewa. Nilipouliza, Bwana Masima alinijibu bila hata kupepesa macho: "Si ndiye aliyeangusha mfumo? Aliomba msamaha mwenyewe, mbele yenu wote."



Kwa hiyo nakuambia, mdogo wangu: mfumo ukigoma, soma kosa hadi chini. Uliza ni kitu gani hakikupatikana, kinatafutwa wapi, na nini kimebadilika tangu mara ya mwisho ulipowaka. Usizibe pengo kwa mkono ili kuwaridhisha wageni. Na samahani yako, ishike mdomoni mpaka ujue ni ya nani.

Mungu akupe subira ya kufika mstari wa mwisho, na akupe watu watakaosimama nawe wakati unausoma.