Magadi ya Mgodini

Ng'ombe tisa walianguka saa nne asubuhi, mmoja baada ya mwingine, na sita wa mwisho walianguka babu yangu Isaka anawaangalia.

Hakuna aliyewapiga. Hakuna aliyewaroga pia, ingawa hilo ndilo lililosemwa kwanza.

Na hii si hadithi ya kijiweni, jamani. Bibi Damari, mke wake, aliona kwa macho yake, na ndiye aliyenisimulia.

Ilikuwa 1975. Babu alikuwa fundi baiskeli Utemini, Singida mjini. Ujana wake aliumalizia kwenye mgodi wa dhahabu huko Iramba, mpaka wazungu wakaufunga wakaondoka zao. Basi kila siku ni mgodi, mgodi. Bibi akachoka, akamwambia si twende nikauone huo mgodi wako!

Sababu ya kwenda ilikuwepo. Kaka yake bibi, Alute, alikuwa amehamishiwa huko huko kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Operesheni ya vijiji ilimkuta kwake, nyumba ikabomolewa, mtama akauacha umesimama shambani. Alifika na mke, watoto na ng'ombe tisa. Njaa ya mwaka ule mnaisikia tu. Bila wale ng'ombe, watoto wa Alute wasingekuwa na maziwa wala cha kubadilisha na unga wa uji.

Wakalala Kinampanda, asubuhi wakamalizia kwa miguu. Babu akawa anatamba, anamwonyesha mkewe kila chuma. Kinu cha kusagia mawe kimeshika kutu, kuku wanatagia ndani. Kipande cha reli kimetundikwa mtini, kinagongwa watu waje mkutanoni.

Kwa Alute wakapewa uji mwepesi kama maji. Mwenyeji akaomba radhi, kisha akachangamka. Akasema Mungu hamtupi mja wake, ardhi hii haizai lakini ina magadi. Mvua ya juzi imemomonyoa ukingo, udongo mweupe umejitokeza, siku hizi hana haja ya kuswaga mifugo mwendo wa siku nzima kwenda kulambisha. Amewaacha huko sasa hivi wanalamba.

Mfugaji wa kwetu akiona udongo mweupe haulizi mara mbili. Ng'ombe akilamba magadi ananenepa, anatoa maziwa. Nani asiyejua?

Babu akaweka kibuyu chini, akauliza ni wapi.

"Pale chini ya kinu, shemeji. Kwenye lile shimo lililofukiwa."

Babu akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Hayakuwa magadi. Ilikuwa dawa ya kutolea dhahabu kwenye mawe, sumu kali, mapipa yaliyofukiwa mgodi ulipofungwa. Mapipa yalioza, mvua ikafukua.

Alikuta watatu wako chini. Waliobaki wanatetemeka miguu, povu linawatoka. Babu akavuta mmoja kwa pembe amtoe shimoni, ng'ombe akamwangukia magotini. Alute akaja nyuma, akawa anawaita kwa majina yao, anambembeleza huyu, anamwinua yule. Wapi! Kwa muda wa kumaliza kibuyu cha uji, zizi lilikuwa limekwisha.

Kumbe balaa lenyewe bado. Kijiji kizima kikaja na visu na makarai.

Babu akasimama mbele ya mizoga, akawaambia msile, nyama hiyo itawaua. Wakamcheka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Gaspari, akamwambia mtu wa mjini aliyeshiba asiwapangie wenye njaa. Mtu mmoja tayari alikuwa ameanza kuchuna.

"Wewe umejuaje kama ni sumu?" mzee Gaspari akauliza.

Bibi anasema babu alimtazama yeye kwanza, usoni kabisa, ndipo akajibu.

"Nilifukia kwa mikono yangu. Mimi ndiye niliyeachwa mlinzi."

Mzee akauliza tena, mahali pa sumu, mbona hapana hata uzio?

"Ulikuwepo. Seng'enge nyuzi nne, na kibao cha fuvu. Niliung'oa mimi. Nikampa mfugaji mmoja, akanipa mitamba mitano."

Visu vikashuka. Mtu hajisingizii jambo kama lile.

Alute alikuwa amekaa chini, kichwa cha ng'ombe mapajani. Akauliza polepole hiyo ilikuwa mwaka gani. Babu akasema hamsini na tisa.

Ndio mwaka aliomwoa bibi. Mitamba mitano ndiyo aliyompelekea baba yao, na baba yao alipofariki zizi likabaki kwa Alute. Wale tisa walikuwa wajukuu wa mitamba ile.

"Basi, shemeji," Alute akasema, "mahari yako umeichukua."

Wenye mila zetu mnajua maana yake. Mahari ikirudi, mke naye anarudi kwao.

Babu akamwangalia bibi. Bibi akafunga kanga kiunoni, akashika jembe, akaanza kuchimba shimo la kuwafukia.

Babu alirudi Utemini peke yake. Bibi alibaki analima na kaka yake misimu minne, mpaka babu alipoleta mtamba wa tano. Ndipo akarudi.

Ndugu yangu, ukikuta uzio porini ukadhani hauna mwenyewe, uache. Umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado, na huwezi kujua atakuwa nani kwako.