Rover Nyeusi na Dereva Wake

Tangu alfajiri Okochi alikuwa akiisugua Rover nyeusi, ingawa haikuwa na vumbi. Mzungu wake, meneja wa kiwanda hapo Tororo, alikuwa anarudi kwao na gari linauzwa. Okochi hakuwa na shamba wala kazi nyingine. Alimwomba Mungu mnunuzi amchukue pamoja na gari.

Mnunuzi, Chrispinus, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Busia, aliinama dirishani akasoma maili kwenye dashibodi.

“Miaka minane, na limetembea hivi tu?”

“Nyumbani, klabu na kanisani, mzee. Mvua ikinyesha hatutoki. Halijui matope,” alijigamba Okochi. “Nichukue nalo, mzee wangu. Mimi ndiye nimeliendesha.”

Chrispinus akacheka. “Mimi naenda Kitale, naenda Kisumu, masika na kiangazi. Wewe hata Mbale hapo jirani hujafika! Gari kama jipya, na dereva naye mpya?”

Okochi akarudi kusugua boneti.

Chrispinus alilipa, akakamata usukani mwenyewe. Getini injini ikamzimikia, kisha ikamzimikia tena. Okochi alikimbilia mlango wa dereva, kitambaa bado mkononi. Kabla hajaufikia, gari likawaka, likaondoka.