Kivuli cha Ukuta wa Vyoo

Skuli ninayofundisha, hapa Ganjoni, ilikuwa na mkungu mmoja uani, mti wa kivuli kipana, na mkungu ule ulipigwa mawe kila siku ya Mungu. Watoto walitaka kungu zake. Walirusha mawe, vipande vya matofali, hata viatu. Kunguru waliotaga juu walishuka kwa hasira wakawadonoa vichwa, nao wakakimbia huku wanacheka. Binti yangu wa darasa la tatu, ambaye ana pumu, alikaa shinani upande wa pili akicheza mdako na wenzake kwa vijiwe vyao. Sikumbuki kuitwa kumpelekea dawa yake ya kuvuta wakati ule.

Kisha siku moja jiwe likakosa kungu likampata mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, juu ya jicho. Akashonwa. Baba yake alikuja amevimba kwa hasira, na sikumlaumu. Damu ya mwanao ikikurukia shati huna masikio tena. Lakini hukumu yake inanishangaza mpaka leo. Mrusha jiwe aliachwa, mti ukahukumiwa kufa.

Waliukata Jumamosi, wanaume wawili wa msumeno wa petroli na mmoja wa panga. Kunguru waliwavamia machoni. Kiota kikaanguka na makinda yake, na yule wa panga akayamaliza kwa kisigino, moja moja, akirudi nyuma kuhakikisha. Mimi na binti yangu tulikuwa dirishani, darasani kwangu. Alitapika palepale. Mimi nilijaa ghadhabu, na aibu pia, kwa sababu nilibaki dirishani.

Uwanja ukatandikwa kabro, matofali ya saruji, mpaka ukutani. Kamati ikasifu usafi. Kamati yetu ni hodari sana wa kusifu ikiwa imekaa ofisini chini ya feni.

Kabro ya Mombasa ikifika saa nne asubuhi inachoma hata nyayo zilizo ndani ya viatu. Kivuli kilichobaki wakati wa mapumziko ni kile cha ukuta wa vyoo, upana wa mkeka, na skuli nzima inakitaka. Zamu zangu zikawa za kuamua vita. Niliona goti juu ya koo la mtoto. Niliona nywele zimeng'olewa pamoja na ngozi. Walioshindwa walikaa juani, wengine wakatoka damu puani, wengine wakarudi darasani na vichwa vinawagonga, hawasikii ninachofundisha. Vumbi la malori ya Shimanzi liliingia bila kizuizi. Kifua cha binti yangu kikaanza kupiga miluzi.

Ndipo asubuhi moja akawahi kivulini. Mtoto wa mwenyekiti, wa darasa la sita, akamvuta kwa mtandio mpaka juani na kukaa mahali pake. Binti yangu, ambaye nyumbani Kibokoni huwapisha njia hata paka, alinyanyuka akamrukia na kumng'ata sikio. Hakuachia. Nilimtoa mimi mwenyewe, kwa kumbana mashavu mpaka meno yakafunguka.

Kamati ikaitwa kuamua kumfukuza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa: skuli nyingine, mbali nami, na kifua kile, nani angejua kumpa dawa kwa wakati? Nikaomba jambo moja tu. Mambo yametokea uani, basi tukae uani. Wakaliona la haki, wakaletewa viti vya plastiki.

"Mwalimu, mwanao yuwauma watu," mwenyekiti akasema. "Leo sikio, kesho jicho. Na atafutiwe skuli nyengine."

Mzee mmoja alikwisha kusogeza kiti chake kuelekea ukutani. Akafuata wa pili. Akafuata mama mmoja, akijipepea kwa kitambaa. Mwenyekiti, jasho likimchuruzika shingoni, aliendelea kusema peke yake juani kwa muda, kisha akajisogeza na yeye. Akakuta pamejaa.

"Sogea," akamwambia baba mmoja.

"Nisogee wapi?"

Akashika mgongo wa kiti akakivuta. Yule bwana akaanguka, akainuka na ngumi. Wakakamatana kola, wakagongana na ukuta, kifungo kikaruka, mdomo wa mwenyekiti ukapasuka. Nilifurahi, sifichi. Walipotenganishwa, mwenyekiti alikuwa ameegemea ukuta, anahema, kivulini.

Binti yangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, akamwendea.

"Ami," akamwambia kwa sauti yake ndogo, "hapo ndipo nilipokuwa nimekaa mimi."

Mwenyekiti akatazama chini, akajifuta damu mdomoni. Habari ya kumfukuza haikurudiwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mtaimbo, akang'oa kabro pale uliposimama mti, akizipiga kama anayedai kisasi. Mwanawe, sikio limefungwa bandeji, alibeba mche wa mkungu.

Mche bado ni wa kunifika gotini. Kivuli chake hakitoshi kuku, na ukutani bado wanapigana. Ila binti yangu haendi tena huko. Hukaa kando ya mche, juani, mtandio juu ya kichwa, na jiwe mkononi. Juzi nilikwenda kumnyang'anya. Nikamwambia mawe si ya kupigia watu.

"Si la watu, mama," akasema. "Ni la atakayekuja na panga."

Nikamwachia.