Mashine Niliyoandika Kwamba Imesimama

Kwetu Kangeta hakuna anayenunua kibunda cha miraa bila kukifungua. Nje hupangwa miraa safi. Ndani ndimo ujanja ulimo. Nililelewa hivyo, na hivyo ndivyo nilivyoingia kazini kwenye bwawa la umeme, huku chini kwenye nyanda kavu za Embu: mtu wa kushuku kwanza.

Kisha wakaunganisha umeme wa upepo wa kaskazini na gridi. Kila asubuhi msichana mmoja aliyesomea chuo kikuu kule kwetu Nchiru, sasa akifanya kazi Nairobi wanakoongozea umeme wa nchi, alinipigia simu kunisomea upepo wa siku nzima, saa baada ya saa. Upepo ukipanda, nizime mashine ya pili ya kufua umeme, maji yabaki bwawani yangoje kiangazi. Ukishuka, niiwashe.

"Mzee, saa nane utashuka. Ukuwe ready saa saba na nusu."

"Nani amekuambia? Upepo wenyewe?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Siku upepo ukitoroka, nusu ya nchi ingekaa gizani na lawama zingeniangukia mimi. Kuiwasha mashine iliyosimama huchukua dakika kadhaa, na dakika hizo zilinitisha. Basi akisema zima, niliitoa kwenye laini tu, nikaiacha izunguke bila mzigo, ikinywa maji bila kuwasha hata taa moja. Katika kitabu cha zamu niliandika: imesimamishwa. Wenzangu wa zamu waliisikia ikivuma wakanyamaza, maana nao hawakuuamini upepo.

Miezi ikapita, bwawa likashuka kuliko hesabu za ofisi. Ofisi nayo ikaanza kushuku, lakini si kitabu changu. Iliwashuku wakulima wa kando ya maji, hasa mjane mmoja mwenye pampu ya petroli na shamba la nyanya. Mama huyo aliniuzia nyanya kila Ijumaa nikirudi nyumbani Dallas, mtaa wa mjini Embu, akaniongezea mbili tatu za watoto. Shamba hilo ndilo lililowalisha wanawe.

Chifu akaita baraza. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akiwatazama wakulima. Meneja wetu akanigeukia mbele ya watu wote.

"Fundi, wewe uko hapa miaka mingi. Hizi pampu zinaweza kushusha bwawa?"

Nilijua pampu ile ingevuta mwaka mzima isifikie maji niliyoyapoteza alasiri moja. Mama yule alinitazama ametulia kabisa, kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

"Zikiwa nyingi," nikasema, "zinaweza."

Pampu zilichukuliwa siku hiyohiyo. Nyanya zake ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kutoa maua.

Wiki hiyo nilikaa na kitabu, nikalinganisha maneno ya msichana na upepo uliokuja kweli, maana vyote viliandikwa humo. Alikosea nusu saa hapa, saa moja pale. Siku ambayo ningekwama kwa kumwamini sikuiona. Niliona haya. Tangu hapo nikawa naizima mashine kweli, na kitabuni niliandika neno lilelile.

Ijumaa nilipita kwa mama. Alikuwa akiing'oa mimea iliyokauka, akiwatupia mbuzi. Alinyoosha mgongo, akanisalimia vizuri.

"Fundi," akasema, "wewe ndiwe unajua hayo maji. Ukimpata mwenye alikuwa anayamaliza, utaniambia?"

Nilimwambia nitamwambia.