Karatasi ya dubu ilivyoniumbua mbele ya dada wa Kirundi hapa Stockholm

Habari za wikiendi wakuu.

Haya yalinipata mwenyewe mwishoni mwa mwaka jana, na kwa vile mjinga wa kisa ni mimi, sina sababu ya kupamba. Majina nimebadilisha. Ujinga nimeuacha kama ulivyo.

Mimi ni Mtanzania, naishi Hagsätra, mwisho kabisa wa laini ya kijani ya treni. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa wazee: unampashia mzee chakula, unampa dawa, unaandika kwenye simu ya kazi umemkuta vipi, unakwenda kwa mwingine. Umri arobaini na moja. Mke sina, na tusilijadili hilo leo.

Basi kulikuwa na sherehe ya ubatizo kule Alby. Nikakaa meza moja na dada mmoja Mrundi, tumwite Goreti. Mtu mzima, ana binti wa miaka kumi na mbili, anaongea taratibu halafu anakuchekesha bila yeye kucheka. Tulipiga stori mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Wiki mbili baadaye akanipigia.

"Kaka, Jumamosi uko na nafasi? Niko naenda kuangalia wanyama. Sitaki kwenda peke yangu."

Nikasema nafasi ninayo. Sikuwa nayo, niliipata kwa kumbembeleza Mkenya mmoja wa kazini tubadilishane zamu.

"Sawa. Vaa nguo ya moto," akasema, akakata simu.

Wakuu, hapa ndipo Kiswahili kiliponiponza. Kwa Warundi na Wakongo, nguo ya moto ni nguo nzito ya kukupa joto. Lakini mimi nimekulia Morogoro. Mwanamke akiniambia nivae nguo ya moto, naelewa anataka niwake.

Nikawaka. Suti ya bluu, shati jeupe, viatu vyembamba vya ncha, na marashi ya kutosha familia nzima. Nje madimbwi yalishaanza kushika barafu.

Nikamkuta kwenye geti la bustani ya wanyama. Amevaa koti kubwa kama godoro, buti za theluji, begi mgongoni, na mkononi ana vibao viwili vya kuandikia vyenye karatasi. Akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye viatu.

"Kaka," akasema, "utakufa."

Ndipo akanieleza. Anasomea utunzaji wa wanyama kwenye shule ya watu wazima. Kapewa kazi ya kulinganisha banda la mbwa mwitu na banda la dubu, aseme lipi linampa mnyama maisha mazuri zaidi. Kila banda liangaliwe saa mbili, kwa wakati mmoja, na kila baada ya dakika tano uandike mnyama anafanya nini. Yeye ana macho mawili tu, kwa hiyo alihitaji mtu.

"Somo hili niko nalirudia," akasema. "Nikianguka tena, wananitoa."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kilichomleta.

Yeye akaenda kwa mbwa mwitu. (Wa huku si wale wetu wa madoadoa wakuu. Huyu ni mkubwa, wa kijivu, na anakuangalia kama anakufahamu.) Mimi nikapewa dubu.

Banda la dubu ni kubwa kweli. Miamba, misonobari, bwawa, mashimo ya kuingia chini ya mawe. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa dubu.

Dakika tano, hakuna. Kumi, hakuna. Nusu saa ilipofika sikuwa na mawasiliano tena na vidole vya miguu.

Mbele ya banda kuna mkahawa wenye dirisha kubwa. Nikajiambia nitaangalia nikiwa ndani. Nikaagiza supu. Kutoka pale dirishani nilikuwa naona kona ya mwamba mmoja na mgongo wa mzungu.

Sasa karatasi ina mistari ishirini na minne na yote iko wazi. Nikawaza, nikimpa hivi ataona nilikuwa nimezubaa. Nikaandika mstari wa kwanza: dubu amekaa. Haukuwa na madhara. Wa pili: dubu amesimama. Baada ya hapo mkono ukanoga. Supu inaisha, kwenye karatasi kulikuwa na dubu wawili na mmoja ana wivu.

Nilikuwa nimesharudi nje kwenye uzio Goreti alipokuja anakimbia, pua nyekundu. "Kaka, nisamehe sana..."

Sikumwacha amalize. Nikamkabidhi karatasi.

Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Huyu alipanda jiwe mara ngapi?"

"Sita. Ana nguvu sana."

"Na akaoga?"

"Kidogo tu. Maji ni baridi."

"Na huyu wa pili?"

"Huyo hana raha."

Akaikunja polepole. "Kaka, dubu wamelala tangu Jumatatu. Wameingia pangoni, hawatoki mpaka mwezi wa nne. Mfanyakazi ameniambia sasa hivi. Nilikuwa nakuja kukuomba msamaha, nimekukalisha kwenye baridi bure."

Kwa mlio nyumbani: dubu wa huku baridi ikiingia analala miezi, hali wala hanywi. Tangazo lilikuwepo, tena kubwa, upande mwingine wa banda ambao sikupita.

Nilitamani na mimi pango.

Hakunifokea. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza kitu kimoja: "Wazee wako, ukimkuta mmoja amelala, unaandika nini?"

"Naandika amelala."

"Ningepeleka hii kwa mwalimu," akasema, akaitia mfukoni. Kituoni yeye akapanda treni ya laini nyekundu ya Alby, mimi ya kijani. Kwaheri ilikuwa ya neno moja.

Wiki ile sikula vizuri. Alhamisi nikampigia, nikamwambia ukweli: niliogopa karatasi tupu ataiona ni uvivu.

"Jumamosi uje. Mbwa mwitu niliwaangalia asubuhi tu, bado wanahitaji saa mbili za mchana. Na vaa kama mtu wa ujenzi."

Nikaazima ovaroli kwa jirani fundi. Nikasimama saa mbili kamili. Banda la mbwa mwitu ni tambarare, miti ya kuhesabu, watu wamelizunguka pande tatu. Kando ya uzio kuna njia iliyochimbika kwenye matope, na mmoja alikuwa anaipita hiyo hiyo. Anakwenda, anageuka kwenye kisiki kile kile, anarudi. Mwanzoni niliona kichekesho. Saa ya pili nilikuwa namwombea aone hata panya apotelee naye mahali.

Mara chache alipita nyuma ya kibanda. Hapo niliandika: sikumwona.

"Hizi ni kweli?" Goreti akauliza.

"Kweli."

"Nzuri."

Ripoti yake ilisema banda la dubu ni bora kwa mbali, na sababu ya kwanza ni kwamba dubu akitaka kutoonekana, haonekani. Mbwa mwitu hana pa kujificha. Yaani ile nusu saa yangu ya kutoona kitu ndiyo ilikuwa jibu, mimi nikaenda kulifuta kwa supu.

Amefaulu. Binti yake ndiye aliyemsahihishia Kiswidi, na siku niliyokwenda kula kwao aliniuliza, kwa Kiswidi, kama ni mimi niliyemwona dubu mwenye wivu. Nikakubali. Mama yake alikuwa anaosha vyombo, mabega yanatikisika.

Nilichojifunza ni kidogo lakini nimekishika: ukitumwa ukaangalie, na hujaona, sema hujaona. Aliyekutuma ana akili, atajua la kufanya na hilo.

Sasa naomba ushauri, hasa kwa mnaowajua Warundi. Tunakula pamoja kila Jumapili na hakuna aliyetamka lolote. Juzi kapanga safari ya kwenda kuona dubu wakiamka, na kwenye ratiba yake aliyoibandika jikoni nimeliona jina langu. Sijauliza nimeandikwa kama nani.

Niulize, au nitulie? Uwanja ni wenu, wenye kejeli wapite wa mwisho.